Robert Morison na Ukoo wa Karoti

Mwanafunzi wa Nakuru anayetumwa sokoni kununua karoti na dania hurejea nyumbani na ndugu wawili wa ukoo mmoja pasipo kujua. Shamari na bizari nyembamba ni wa ukoo huohuo. Vilevile mmea wenye sumu unaoaminika kuwa ndio alionyweshwa Socrates mwaka wa 399 kabla ya Kristo. Majani ya mmea huo na ya karoti hufanana mno, na ayategemeaye majani peke yake aweza kuchuma mauti akidhani amechuma mboga.

Mtu aliyelishughulikia jambo hili mapema alikuwa Robert Morison, mzaliwa wa Aberdeen, Scotland, mwaka wa 1620. Mwaka wa 1639 alipigana upande wa Mfalme Charles wa Kwanza, akajeruhiwa kichwani, kisha akakimbilia Ufaransa. Huko alisomea udaktari, akafuzu mwaka wa 1648, halafu akaitumikia bustani ya Mtawala wa Orléans mjini Blois kwa takriban miaka kumi. Mwaka wa 1669 akawa profesa wa kwanza wa elimu ya mimea huko Oxford. Alifundishia bustanini, meza mbele yake na mimea juu ya meza. Walimu wetu wanaolalamikia, tena kwa haki, maabara zisizo na vifaa wangeweza kuanza na fungu la dania iliyozaa mbegu.

Mwaka wa 1672 alichapisha kitabu juu ya ukoo huu mmoja tu, jambo ambalo halikuwa limefanywa kabla yake. Hakuyategemea majani. Aliyachunguza matunda: makavu, yapasukayo vipande viwili, mengine yana mbavu, mengine mabawa, mengine miiba. Majivuno hayakumpungukia. Alidai kuwa mwalimu wake ni maumbile yenyewe, ilhali Andrea Cesalpino wa Italia alikwisha kuainisha mimea kwa matunda tangu mwaka wa 1583. (Wasomi wa namna hiyo hata kwetu wapo.)

Tangu miaka ya 1990, uchunguzi wa chembe za urithi umeonyesha kuwa matunda nayo hudanganya, kwa kuwa mabawa yamezuka mara nyingi katika matawi yasiyo na udugu wa karibu. Steganotaenia, mti wa nyika kavu za Afrika, Kenya ikiwamo, una matunda yenye mabawa, lakini hauko katika tawi la karoti. Asili ya tawi hilo la karoti sasa hutafutwa kusini mwa bara letu, ambako Morison hakupata kufika. Mwanafunzi wa Njoro au Molo anayekaririshwa majina ya koo za mimea haelezwi kuwa orodha hiyo ingali ikirekebishwa.

Morison aligongwa na gari la farasi akivuka barabara jijini London, akafariki Novemba 1683. Kazi yake kubwa ilikuwa haijakamilika; Jacob Bobart aliichapisha sehemu iliyosalia mwaka wa 1699.