Shaaban Robert: karani wa forodha aliyewaandikia watoto

Kama unakaa Kipevu au mitaa ya Changamwe, huenda unamjua karani wa forodha. Pengine ni mjomba wako, pengine ni jirani anayetoka alfajiri kwenda bandarini na kurudi usiku, macho mekundu kwa kusoma hati za mizigo ya watu. Ni kazi ya hesabu, mihuri na mabishano. Hakuna anayetarajia karani kama huyo arudi nyumbani, ale, kisha akae kumtungia mwanawe utenzi.

Yuko mmoja aliyefanya hivyo. Si wa Mombasa, ni wa Tanga, mji ulio jirani kabisa ukishavuka Lungalunga. Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909, Vibambani, karibu na Machui. Jina la Robert huwachanganya wengi wakadhani alikuwa Mkristo. La, alikuwa Mwislamu, na alijihesabu Mswahili.

Shule hakuiona kwa muda mrefu. Alisoma Dar es Salaam kuanzia 1922 hadi 1926, akatoka wa pili kati ya wanafunzi 11 waliofaulu mtihani wao. Siku hizi kijana wa pili darasani angeulizwa anaenda chuo gani. Yeye alipata kiti cha karani katika idara ya forodha ya serikali ya Waingereza. Akakaa kwenye kazi hiyo miaka 18, kuanzia 1926 hadi 1944, sehemu ya muda huo akiwa Pangani, mji mdogo ulio mdomoni mwa mto.

Masomo mengine yote alijipatia mwenyewe kwa kusoma. Na alisoma kwelikweli. Kiingereza chake kilifika mahali pa kumwezesha kuzigeuza beti za Omar Khayyam, mshairi wa Uajemi, kutoka tafsiri ya Kiingereza ya FitzGerald hadi Kiswahili. Kitabu hicho kilitoka 1952. Si mchezo, kwa mtu ambaye cheti chake cha shule kilipatikana kwa miaka minne tu.

Sasa tujiulize: mtoto wa pwani aliyejua kusoma miaka ile alisoma nini? Kando ya vitabu vya dini, alipewa zaidi vitabu vya Wazungu vilivyotafsiriwa. Kulikuwa na Kisiwa chenye Hazina cha Stevenson na Mashimo ya Mfalme Sulemani cha Rider Haggard, vyote vilivyosimamiwa na Frederick Johnson, ambaye baadaye aliongoza kamati ya kusanifisha lugha iliyoundwa 1930. Kulikuwa na Hekaya za Abunuwasi, zinazochekesha mpaka leo. Vitabu vya Waafrika wenyewe vilikuwa vichache mno. Hapa kwetu bara ya Mombasa twaweza kujivunia kimoja: Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela wa Freretown, Kisauni, kilichotoka 1934 na kusomwa shuleni miaka mingi. (Ajabu ni kwamba wakaazi wengi wa Kisauni wa leo hawajawahi kukisikia.)

Kwenye pengo hilo ndipo Shaaban alipoingia. Kitabu chake cha vijana kinachojulikana zaidi, Adili na Nduguze, kilichapishwa na Macmillan 1952. Mbegu ya hadithi aliichukua kwenye masimulizi ya Alfu Lela Ulela, lakini alivyoipanda ikaota mti mwingine. Yuko mfalme Rai wa Ughaibu, anayewapenda wanyama hata anasikia lugha yao. Mtumishi wake Ikibali anatumwa Janibu kuchukua kodi, na usiku, akiwa mgeni wa liwali Adili, anamwona mwenyeji wake akiwachapa manyani wawili kwa mjeledi, kisha anawabembeleza na kuwalisha. Kumbe manyani wale ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu, waliomtosa baharini kwa wivu. Huria, mwana wa mfalme wa majini, ndiye aliyewageuza, na ndiye aliyemwamuru Adili awachape kila usiku.

Ukisoma ukiwa na miaka 10 utaona majini na manyani. Ukirudia ukiwa na miaka 20 utaona jambo jingine: mtu analazimishwa kuwaadhibu ndugu aliokwisha kuwasamehe, naye analia huku anachapa. Na usisahau kwamba fumbo lote linafichuka kwa sababu ya safari ya mtoza kodi. Ni karani wa forodha pekee anayeweza kuipa kodi kazi ya maana hivyo katika hadithi ya watoto!

Majina yake kila mtu anayasema. Adili ni mwadilifu, Hasidi ni hasidi, basi fumbo liko wapi? Wapo wanaomlaumu kwa hilo, na mimi nadhani lawama hiyo ina ukweli kwa upande wa riwaya zake za watu wazima. Kwa mtoto, hata hivyo, majina yale ni kama taa. Anajua tangu mwanzo nani ni nani, kwa hiyo hapotezi muda kukisia. Anangoja kuona Adili atafanya nini.

Lakini kabla ya Adili na Nduguze kuwafikia watoto wa watu, Shaaban alikuwa amewaandikia wa kwake, na hapa habari si ya kuchekesha. Mkewe wa kwanza, Amina, alifariki wangali vijana, akamwachia watoto wawili wadogo. Shaaban alimlilia kwa shairi lenye jina la marehemu, ambalo limekuwa miongoni mwa mashairi yake yanayopendwa zaidi. Kisha akawageukia wale watoto. Binti yake, Mwanjaa, akamtungia Utenzi wa Hati, na mwana wa kiume akamtungia Utenzi wa Adili. Ni maneno ya mzazi aliyebaki peke yake, anayehofia kwamba kazi au kifo kitamwondoa kabla hajamaliza kuwafunza wanawe. Mawaidha yake ya jinsi binti apaswavyo kuishi na mume yatawakera wengi wenu mkiyasoma leo, na mna haki ya kukereka. Hata hivyo, msichana yule aliachiwa na babake hati ya maneno, wakati ambapo wasichana wengi hawakuachiwa chochote cha kusoma.

Kutunga usiku ni jambo moja, kupata kitabu mkononi ni jingine. Wachapishaji walikuwa mbali na Tanga. Pambo la Lugha kilichapishwa na Chuo Kikuu cha Witwatersrand huko Johannesburg. Kusadikika, ile nchi inayoelea angani ambako Karama anashtakiwa kwa kutaka kufundisha uanasheria, kilichapishwa na Nelson 1951. Na muda huo wote mwandishi bado ni mtumishi wa ofisi: alipotoka forodha alihamishwa bara, akarudi Tanga 1946 kwenye ofisi ya wilaya, kisha akafanya kazi katika ofisi ya upimaji ardhi kuanzia 1952 hadi 1960. Sifa zilikuja, ikiwemo nishani ya MBE na tuzo ya Margaret Wrong, ila kazi ya kuajiriwa hakuiacha mpaka umri ukamtoa. Barua alizomwandikia nduguye mdogo, Yusuf Ulenge, kuanzia 1931 hadi 1958 zimehifadhiwa na kuchapishwa kitabu.

Alifariki Juni 1962, miezi michache tu baada ya Tanganyika kupata uhuru, akiwa na miaka 53. Amezikwa Machui. Miswada kadhaa ilibaki bila kuchapwa. Mmoja wao ni Kufikirika, alioutunga katika miaka ya 1940 na uliotoka 1967, yeye akiwa kaburini miaka mitano. Humo mna mfalme aliyehangaika kupata mtoto, akampata, akamtafutia mwalimu. Mwalimu akapanga ratiba yenye masomo, michezo na siku za kupumzika. Mfalme akaitazama ile ratiba, akaona michezo imezidi, akamfukuza mwalimu kazi.