Karamojo Bell: Mwindaji wa ndovu aliyechagua risasi ndogo

Walter Bell, aliyefahamika zaidi kwa jina la Karamojo, alizaliwa Scotland mwaka 1880. Jina hilo lilitokana na Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, alikowinda ndovu kwa ajili ya pembe mwanzoni mwa karne ya 20.

Wakati huo wawindaji wengi wa Kizungu walitegemea bunduki nzito zenye risasi nene, wakiamini kuwa mnyama mkubwa huangushwa kwa kishindo. Bell aliona vingine. Alipasua mafuvu ya ndovu ili ajue ubongo ulipo, kisha akapendelea risasi ya Mauser ya milimita 7, iliyobuniwa Ujerumani miaka ya 1890 kwa matumizi ya askari. Risasi hiyo ndefu na nyembamba ilipenya mfupa bila kupinda, na bunduki yake haikumsukuma mpigaji kwa nguvu.

Kwa jumla aliua ndovu 1,011, wengi wao kwa risasi hiyo.

Bell alifariki Scotland mwaka 1954. Wawindaji humsifu kwa shabaha yake. Hata hivyo, hesabu hiyo ya mtu mmoja yaonyesha kwa nini mwaka 1989 mataifa yaliamua kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu.