Harriet Tubman, Musa Aliyerudi Kuwachukua Wazee



Nimeombwa niandike juu ya ukombozi wa Waisraeli. Nimeona heri niwasimulie habari za mama mmoja wa hapa Marekani, ambaye watu wake walimwita Musa.

Harriet Tubman alizaliwa mtumwa katika jimbo la Maryland, yapata mwaka 1822. Dada zake watatu waliuzwa mbali. Akiwa msichana alipigwa kichwani kwa chuma cha mizani, akabaki na maradhi ya kusinzia ghafula maisha yake yote. Hakujua kusoma, Biblia aliipokea kwa masikio, kutoka kwa mamaye. Mwaka 1849 alitorokea Philadelphia.

Hapo pananigusa mimi niliyefika nchi hii bila mtu wa kunipokea. Harriet alikuwa huru, lakini jamaa zake walikuwa bado utumwani. Alifanya kazi za nyumbani, akaweka akiba, akarudi. Kwa muda wa miaka kama 10 alirudi mara 13 hivi, akawatoa watu wapatao 70, wengi wao ndugu na rafiki. Tangu sheria ya 1850 iliporahisisha watoro kukamatwa hata kaskazini, aliwafikisha Kanada.

Mwaka 1857 aliwaendea wazazi wake. Walikuwa wazee wasioweza safari ya miguu, basi akawaundia kigari cha farasi kwa magurudumu makuukuu. Katika Kitabu cha Kutoka, Musa alitaka waende wazee na watoto pia; Farao akakubali wanaume peke yao. Sisi Wakristo hupenda kusimulia Bahari ya Shamu, tukaipita sura hiyo upesi. Nami nimefundisha miaka mingi kana kwamba Mungu alimwokoa kila mtu na lwake.

Mwaka 1863, wakati wa vita, alisaidia kuongoza askari katika mto Combahee, na watumwa zaidi ya 700 wakawekwa huru. Alifariki tarehe 10 Machi 1913 mjini Auburn, New York, alikokuwa amewatunza wazazi wake.

Lakini moyo wangu hurudi kwa nduguye Rachel, aliyekataa kutoroka bila watoto wake wawili. Harriet alipomfuata mwishoni mwa 1860, Rachel alikwisha kufa. Kuwapata watoto kulihitaji rushwa ya dola 30, naye hakuwa nazo. Aliwaacha, akaongoza familia nyingine yenye mtoto mchanga.

Habari ya karo za watoto wa marehemu shangazi yetu itazungumzwa Jumamosi, baada ya ibada.