Karl von Frisch: Mwanasayansi aliyenusuriwa na nyuki

MWANZONI mwa mwaka 1941, Profesa Karl von Frisch wa Chuo Kikuu cha Munich, Ujerumani, alipata barua ya serikali. Utawala wa Nazi ulikuwa umebaini kwamba bibi yake mzaa mama alikuwa na asili ya Kiyahudi. Kwa sheria za wakati ule, hilo lilitosha kumng'oa kazini.

Frisch alizaliwa Vienna, Austria, Novemba 20, 1886. Alianza kuvuma kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, alipombishia mtaalamu mashuhuri wa macho, Carl von Hess, aliyeshikilia kwamba samaki na nyuki hawatambui rangi. Frisch aliweka kipande cha karatasi ya buluu katikati ya vipande vya kijivu, akawazoesha nyuki kupata maji ya sukari juu ya kile cha buluu. Alipoiondoa sukari, nyuki waliendelea kuishukia buluu. Jaribio jepesi namna hiyo, ambalo hata mwanafunzi wa shule aweza kulirudia, likambwaga bingwa.

Kilichomnusuru mwaka 1941 hakikuwa huruma. Nosema, ugonjwa unaoletwa na vimelea vya tumboni mwa nyuki, ulikuwa ukiteketeza mizinga kwa mamia ya maelfu, na nchi iliyo vitani ilihitaji asali na mazao yanayotegemea uchavushaji. Frisch akakabidhiwa utafiti wa ugonjwa huo. Kufukuzwa kwake kukaahirishwa hadi vita viishe.

Nafasi hiyo ilimwezesha kugundua kosa lake mwenyewe. Katika miaka ya 1920 alikuwa ameandika kwamba nyuki arudiye mzingani hucheza ngoma ya duara akipata nekta, na ya kutikisa tumbo akipata chavua. Mwaka 1944, Munich ikipigwa mabomu, alikuwa Brunnwinkl, makazi ya familia yake kando ya ziwa nchini Austria. Alipokisogeza chakula mbali na mzinga, ngoma ilibadilika ilhali chakula kilikuwa kilekile. Kumbe ngoma ilitaja umbali.

Baadaye akatambua na mwelekeo. Gizani mwa mzinga, nyuki akikimbia wima kwenda juu ya sega, chakula kiko upande wa jua. Akipinda nyuzi 40 kulia, wenzake huruka nyuzi 40 kulia kwa jua. Mtikiso ukirefuka, safari ni ndefu. Sisi wa mjini humwelekeza mgeni kwa duka na mwembe, naye bado akapotea.

Mwaka 1973 alitunukiwa Nobeli pamoja na Nikolaas Tinbergen na Konrad Lorenz, ambaye mwaka 1938 alikuwa amejiunga na chama cha Nazi. Wakati huo Mmarekani Adrian Wenner alikuwa akidai kwamba nyuki hufuata harufu tu. Frisch alifariki dunia Munich, Juni 12, 1982, akiwa na miaka 95. Mwaka 2005, watafiti waliowafuatilia nyuki kwa rada walionyesha kwamba waliotazama ngoma huruka moja kwa moja kuelekea palipotajwa.