Tabibu aliyewarudishia marubani nyuso zao

Nilipokuwa darasa la nne tulikuwa na mwenzetu aliyeungua uso kwa koroboi. Alipopona alirudi shuleni, nasi tukamwachia dawati zima peke yake. Hakuna aliyemtukana, tulikwepesha macho tu. Muhula uliofuata hakuonekana tena. Kisa hicho hunijia kila nikumbukapo maisha ya marehemu Sir Archibald McIndoe, bingwa wa upasuaji wa plastiki, ambaye jina lake ni geni kwa wengi wetu ingawa kazi yake ilifika mpaka hapa Nairobi.

Kwanza niseme kwamba upasuaji huo si wa kumtia mtu plastiki mwilini, kama wengine wanavyodhani. Neno hilo lilitoka kwa Wayunani, na maana yake ni kufinyanga. Daktari wa kazi hii ni mfinyanzi, ila udongo wake ni ngozi na nyama ya mgonjwa mwenyewe.

McIndoe alizaliwa mwaka wa 1900 mjini Dunedin, New Zealand. Baba yake alikuwa mpiga chapa na mama yake mchoraji wa picha. Alipohitimu udaktari alikwenda Marekani, kwenye hospitali ya Mayo Clinic, akasifika kwa upasuaji wa ini. Mwishoni mwa 1930 alihamia London akitumaini kupata kazi kubwa. Hakuipata. Aliyemwokoa ni jamaa yake, Sir Harold Gillies, ambaye alikuwa ametengeneza nyuso za askari waliojeruhiwa katika Vita Kuu vya Kwanza. Kwake McIndoe alijifunza kutoa ngozi sehemu moja ya mwili na kuipandikiza kwingine. Nisifiche kwamba alijipatia fedha nyingi pia kwa kurekebisha pua za matajiri.

Vita vya Pili vilipozuka mwaka wa 1939 alipelekwa kwenye Hospitali ya Queen Victoria, katika mji mdogo wa East Grinstead. Mwaka uliofuata ndege za Uingereza na Ujerumani zikapambana angani, na marubani vijana wakaanza kuletwa kwake wakiwa wameungua nyuso na mikono kwa moto wa petroli.

Dawa ya siku hizo ilikuwa asidi ya tanini, jamii ya ile itumikayo kutengeneza ngozi za ng'ombe. Ilikausha kidonda kikawa kigumu kama gome la mti. Vidole vilijikunja, na kope zikavutika hata macho yasifumbike. McIndoe aligundua kuwa marubani walioangukia baharini walipona vizuri kuliko walioangukia nchi kavu. Basi akapiga vita tanini, akawaogesha wagonjwa wake katika maji vuguvugu ya chumvi. Kisha akajenga upya, leo kope, baadaye pua, na wengine walipasuliwa zaidi ya mara 20.

Lakini ufundi wa kisu haukumtosha. Aliona kwamba kijana wa miaka 20 aliyepotewa na uso wake anaweza kupona kidonda na bado asitake kuishi. Kwa hiyo alikataa wagonjwa wake wavishwe nguo za hospitali. Walivaa sare zao za kijeshi. Ofisa na askari wa kawaida walilala wadi moja, na pipa la bia likawekwa humo humo. Wakubwa walinung'unika, naye hakuwajali, maana alikuwa mtu mkali asiyependa kupingwa.

Halafu akawageukia watu wa mji. Aliwaomba wawakaribishe vijana hao nyumbani kwao na wasiwakodolee macho wala kuwakimbia. Wakakubali. Vijana wakanywa chai kwenye nyumba za watu, wakaingia sinema na baa, na wengine wakapata wachumba.

Mwaka wa 1941 wagonjwa hao waliunda chama chao, wakakiita Guinea Pig, yaani simbilisi, yule mnyama mdogo ambaye watafiti humfanyia majaribio. Mweka hazina walimchagua mtu aliyeungua miguu, ili asiweze kutoroka na fedha! Vita vilipokwisha, wanachama walikuwa 649.

Uhusiano wake na sisi ulikuja kwa Dakta Michael Wood, mpasuaji aliyefanya kazi Kenya kisha akaenda East Grinstead kujifunza kwake. Mwaka wa 1957 wao wawili, pamoja na Mmarekani Dakta Thomas Rees, walianzisha huduma ya madaktari wa ndege, ambayo leo tunaijua kwa jina la AMREF. McIndoe hakuishi kuona matunda yake mengi. Alifariki usingizini mwezi wa Aprili 1960, na majivu yake yakazikwa London, katika kanisa la Jeshi la Anga.

Yule mwenzetu wa darasa la nne sasa ni fundi cherehani. Mwaka jana nilimpelekea suruali ya kupunguzwa, nikaketi mbele yake, nikamtazama usoni nilipokuwa nikimweleza nitakavyo. Alinitajia bei ya juu mno. Tukabishana kama mteja na fundi yeyote, hata tukacheka. Nilipotoka nilijiuliza kwa nini jambo jepesi namna hiyo lilitushinda sisi watoto 40 darasani.