Tom Mboya: Aliyekosa Karo Akawafungulia Wengine Mlango

Tunapita Tom Mboya Street kila siku tukikimbilia matatu, lakini mwenye jina hilo tunamjua?

Alizaliwa mwaka wa 1930 Kilima Mbogo, baba yake akiwa mfanyakazi wa shamba la mkonge. Alisoma mpaka Mang'u, halafu karo ikakosekana. Akasomea ukaguzi wa afya, akaandikwa na kanjo ya Nairobi mwaka wa 1951. Siku moja mama wa Kizungu alileta maziwa yapimwe. Mboya alikuwa pale pale mbele yake, na bado yule mama akauliza kama hakuna mtu ofisini.

Siku hizo shule zilitengwa kwa rangi. Lenana, hapa Ngong Road, iliitwa Duke of York, nayo ilikuwa ya watoto wa Wazungu tu.

Marekani nako ilikuwa hivyo hivyo. Mahakama Kuu ilikataza shule za serikali kutenga watoto mwaka wa 1954, lakini wanasiasa wa kusini wakakaza shingo. Kule Little Rock, mwaka wa 1957, gavana alituma askari kuzuia wanafunzi weusi 9 wasiingie darasani. Mwaka uliofuata akaona heri afunge sekondari za mji mzima kuliko wasome pamoja. Tarehe 18 Aprili 1959 maelfu ya vijana waliandamana Washington kupinga ubaguzi huo. Waliowahutubia ni pamoja na Mchungaji Martin Luther King na huyu Mboya wetu, akiwa na miaka 28.

Hakuishia kuhutubia. Aliomba vyuo vya huko viwape vijana wetu nafasi, na marafiki Wamarekani wakachanga nauli. Mchungaji King naye alikubali kusaidia mwanafunzi mmoja. Serikali ya kikoloni haikupenda mpango huo. Lakini huku nyumbani wazazi na majirani walichanga, na Septemba 1959 ndege ikabeba wanafunzi 81. Wengine mamia wakafuata.

Mboya aliuawa kwa risasi hapa Nairobi tarehe 5 Julai 1969, akiwa na miaka 38 tu.

Mpendwa, leo hapa Makina hakuna mtoto anayefukuzwa shule kwa sababu ya rangi. Karo ndiyo inamrudisha nyumbani. Mboya aliijua aibu hiyo, akaigeuza kuwa nafasi ya wengine. Je, wiki hii unamjua mtoto gani kwa ploti yenu ambaye hajaenda shule? Mwombee, halafu uwaite majirani mchange.