Vladimir Ipatieff: Jenerali aliyeipa dunia kichocheo kisichoisha, kisha akakanwa na mwanawe

Ukisikia jina la Vladimir Ipatieff huenda lisikwambie kitu. Lakini plastiki iliyo mkononi mwako na mafuta ya ndege inayopita juu yako yana deni kwake.

Alizaliwa Moscow, Urusi, mwaka 1867. Baba yake alikuwa msanifu majengo, yeye akapelekwa jeshini. Akasoma katika chuo cha mizinga cha St. Petersburg, na kemia ndiyo ikamteka. Alipanda vyeo hadi akawa jenerali, huku akiendelea kufundisha na kufanya utafiti.

Bomba lililomshangaza

Mwanzoni mwa miaka ya 1900 alikuwa akipitisha mvuke wa alkoholi ndani ya mabomba ya moto. Akagundua jambo: bomba likiwa la chuma, unapata kitu kimoja, likiwa la aina nyingine, unapata kingine kabisa. Kumbe bomba lenyewe lilikuwa linafanya kazi!

Siku moja akatumia malighafi ya vyungu vya grafiti. Alkoholi ikagawanyika kuwa maji na ethilini, gesi ambayo leo ndiyo mama wa plastiki nyingi. Akajaribu grafiti tupu, wapi. Mwisho akamnasa mhusika: oksidi ya alumini iliyokuwa kwenye udongo uliochanganywa na grafiti hiyo.

Kwa nini hilo lilikuwa kubwa? Kabla ya hapo, njia ya kawaida ilikuwa kuchemsha alkoholi na asidi kali ya salfa. Unabaki na asidi chafu, na kuitupa ni balaa. Oksidi ya alumini ni unga mgumu usioyeyuka. Inaharakisha kazi bila yenyewe kuliwa. Ikishikwa na masizi, unayachoma kwa hewa ya moto na kuitumia tena. Hiyo ndiyo njia wanayoifuata leo wanakemia wanaotaka viwanda visivyochafua mazingira.

Ipatieff hakuishia hapo. Alitengeneza chombo cha chuma kizito cha kufanyia kemia kwenye mgandamizo mkubwa, na njia hiyo ikaenea viwandani.

Kati ya nchi na uhai

Mapinduzi ya 1917 yalipokuja, wengi wa tabaka lake walikimbia. Yeye alibaki. Hakuwa mkomunisti, ila aliipenda Urusi, akaisaidia serikali mpya kujenga viwanda vya kemia. Lakini kufikia mwishoni mwa miaka ya 1920, wenzake walianza kukamatwa mmoja mmoja. Aliona zamu yake inakuja.

Mwaka 1930 alisafiri na mkewe Varvara kwenda Berlin kwenye mkutano. Hawakurudi tena. Walielekea Marekani, wakaishi Chicago. Alikuwa na zaidi ya miaka 60, Kiingereza kikimpa shida, akaanza upya kwenye maabara ya kampuni ya mafuta na Chuo Kikuu cha Northwestern. Pamoja na Herman Pines alibuni mbinu zilizosaidia kupata petroli bora ya ndege, iliyotumiwa na upande wa Washirika katika Vita vya Pili vya Dunia.

Gharama yake? Alipokataa kurudi, Moscow ilimfuta kwenye Chuo cha Sayansi na kumnyang'anya uraia. Mwanawe Vladimir, naye mwanakemia, alikuwa amebaki huko. Alisimama hadharani akamkana baba yake. Ukifikiria hali ya nchi wakati ule, ni vigumu kumlaumu.

Ipatieff alifariki Chicago Novemba 1952. Varvara alimfuata siku chache tu baadaye.

Mwaka 1990 Chuo cha Sayansi kilimrudishia uanachama wake. Miaka 38 baada ya kifo, mzee akarudi nyumbani, japo kwa jina tu.